Mama Alipotaka Kulala Hoteli

"Hivi wale watu wakishalipa," mama aliniuliza, "hasa wanafanya nini mle ndani?"

Tulikuwa tumekaa ukumbini baada ya sala ya alasiri, mimi nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu, yeye anachambua mchele. Nilimuuliza watu gani anaowasema.

"Wageni. Wa hoteli."

Nyumba yetu iko Mkunazini, ghorofa ya pili, na dirisha la ukumbi linatazama kichochoro ambacho watalii hupita kutwa nzima wakipiga picha milango. Mama amewatazama tangu walipoanza kuja kwa wingi. Anajua wanavyotembea na anajua wanavyopotea, na mara nyingi amewaelekeza kwa mkono kutoka juu bila kusema neno. Lakini wakishakata kona, khabari zao zilikuwa zinamwishia hapo hapo.

Swali lake lilitokana na picha. Mwalimu mwenzangu wa skuli alikuwa amenitumia kwenye simu picha za hoteli mpya iliyofunguliwa Jambiani. Ilikuwa inakaribia masika, wageni wa nje wachache, na wenye hoteli walikuwa wanawapunguzia wenyeji bei ili vyumba visikae vitupu. Nilimwonyesha mama kwa kupoteza wakati tu. Alivaa miwani yake, akaitazama picha moja kwa muda mrefu: kitanda kipana cheupe, na juu yake taulo mbili zilizokunjwa zikawa ndege wawili wanaotazamana, wamezungukwa na majani ya maua.

"Hawa ndege, mtu akitaka kulala anawaweka wapi?"

"Anawakunjua, mama. Ni taulo tu."

"Maskini," alisema, na sikujua anamhurumia nani, ndege au aliyewakunja.

Nilidhani yameishia hapo. Siku chache baadaye, tunakunywa chai, akasema kama mtu anayesema unga umekwisha: "Nnataka kwenda kulala kule. Usiku mmoja."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mama yangu ameshavuka miaka sabini. Baba alipofariki, mimi nilikuwa nimeshaachika na kurudi nyumbani, tukabaki wawili. Si mtu asiyesafiri. Ameshalala Wete, Dar es Salaam, Mombasa, na mara moja Maskati kwa watoto wa kaka yake. Lakini kote huko alilala kwa jamaa. Hata Makka, alipokwenda umra, walilala wanawake wa mtaa wetu chumba kizima, wakaendelea na mazungumzo yale yale waliyoyaacha Mkunazini.

"Sijapata kulala nyumba ambayo asubuhi yake sina mtu wa kumshukuru," aliniambia. "Ukilala kwa watu unaamka mapema hata kama umechoka. Unakula hata kama hutaki. Unasifu mchuzi. Nnataka kujua mtu analalaje mahali ambapo hapana anayemjua."

Nilijiuliza mwenyewe nililala lini mahali kama hapo, nikaona sijapata na mimi.

*

Kaka yangu anakaa Kiembe Samaki na anafanya kazi uwanja wa ndege. Kila Ijumaa baada ya sala huja kula nasi. Ijumaa ile mama alimwekea wali, akamwekea samaki wa kupaka, akangoja mpaka kaka ametia tonge la tatu mdomoni, ndipo akamwambia.

Kaka aliacha kutafuna. "Hoteli? Umekosa nini hapa, mama? Ukitaka kubadilisha hewa si uje kwangu?"

"Kwako nshalala. Mkeo ananipikia uji wa mtama kila nikija, na mimi uji wa mtama siupendi."

"Hujasema hata siku moja!"

"Nitasemaje? Mimi mgeni wake."

Kaka alinigeukia mimi kana kwamba nimemfundisha mama maneno hayo. Akaanza na yale yote niliyoyatarajia: watu watasema tumemtupa mama yetu, watu watasema amegombana na watoto wake, na huko hotelini wanauza pombe, na watu wanatembea nusu uchi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea samaki.

"Na Jambiani ndiyo kabisa," kaka akamalizia. "Mama mdogo yuko Jambiani."

Hapo kaka alikuwa na haki. Mama mdogo ni binti wa dada mkubwa wa bibi yetu, mzaa mama. Bibi yetu na dada yake walizaliwa Jambiani. Bibi aliolewa mjini na mume wa Kiarabu, dada yake akabaki kule kule. Watoto wao walikua pamoja kila skuli zikifungwa, wakilala mkeka mmoja, na mpaka leo wakikutana huzungumza kwa lafudhi ambayo mama hana akiwa mjini. Mama mdogo analima mwani, amefiwa na mume kama mama, na ana nyumba ya mawe nyuma ya minazi. Kwenda Jambiani na usilale kwake ni jambo lisilofanyika. Mwaka mmoja tulikwenda mazishini tukarudi siku ile ile, akatununia mpaka mfungo wa Ramadhani uliofuata.

"Ndiyo maana nikasema usiku mmoja," mama alisema mwishowe. "Tuingie jioni, tutoke asubuhi. Nani atajua?"

"Jambiani?" kaka akasema. "Watajua kabla hujafungua mlango wa gari."

*

Mama hakuacha. Jumatatu nilirudi kutoka skuli nikamkuta amekaa karibu na simu yangu ya zamani, ameshaifuta vumbi. Alitaka niwapigie wale watu wa hoteli, si kwa kuweka chumba, la, kuuliza tu. Kuuliza hakumvunjii mtu heshima.

Aliyepokea alikuwa kijana. Alianza kwa Kiingereza, nikamjibu kwa Kiswahili. Akaendelea kwa Kiingereza, nami nikaendelea kwa Kiswahili, mpaka akachoka yeye. Mama alikuwa amenikaribia sikio kwa sikio, ananinong'oneza maswali. Kibla kiko upande gani? Chooni mna kopo, au karatasi tu? Nyama wanachinja wenyewe au wananunua kwa nani? Mtu akitaka kuja na mkate wake mwenyewe wa boflo, watachukia? Asubuhi wanakugongea mlango, au wanakuacha mpaka uamke?

Kijana alijibu alilolijua, lisilokuwa hilo akaenda kuuliza, akarudi anahema. La kopo alisema lipo. La boflo alisema hajapata kuulizwa, lakini haoni ubaya.

"Mnatoka nchi gani, bibi?" akaniuliza mwisho.

"Tunatoka Mkunazini."

"Mkunazini ya mjini?"

"Ndiyo hiyo."

"Karibuni sana," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Sasa na yeye alitaka kujua kitu.

Nilipokata simu mama alikuwa anatabasamu, lakini hakuniambia niweke chumba. Ule ubishi wa kaka ulikuwa umemwingia. Siku mbili tatu alizungumza mambo mengine. Kisha akatoa shauri jipya: twende tukatazame kwanza. Kutazama si kulala. Mtu akitazama chumba hawezi kuambiwa amemdharau mwenyeji wake.

Kaka alisema hatatupeleka. Jumapili asubuhi alikuwa mlangoni na gari imeoshwa.

*

Njia nzima mama alikuwa na mkoba mapajani, na ndani ya mkoba mna kopo la halua. Nilimuuliza halua ya nini. "Tukimkuta kwa bahati mbaya, nisimkute mikono mitupu." Tulipokaribia Jambiani aliniomba miwani yangu ya jua, akaivaa juu ya ile yake. Kaka alimwona kwenye kioo akashindwa kujizuia, tukacheka sote watatu, mama zaidi yetu.

Langoni mlinzi alimuuliza kaka kama amekuja kuleta wageni au kuchukua.

"Mimi mwenyewe ndiye mgeni," kaka akasema, na nilimwona anakaa vizuri kwenye kiti. Tangu hapo hakusema tena neno la kuipinga ile hoteli.

Kijana wa mapokezi ndiye yule wa simu. Alitutambua kwa sauti yangu. "Nyinyi ndio wa Mkunazini!" Akamsalimia mama shikamoo, mama akamwitikia marahaba, na baada ya hapo akawa kama kijana wa nyumba yoyote. Alituchukua kwenye chumba cha ghorofani, upande wa pwani. Kila kitu kilinukia rangi mpya na mbao zilizochongwa jana. Mama alivua viatu mlangoni. Alikigusa kitanda kwa kiganja, akafungua kabati akakuta tupu, akaingia bafuni akafungua maji na kuyafunga. Akalitafuta kopo, akaliona, akanitikisia kichwa kwamba lipo.

"Nani alilala humu?" akamuuliza kijana.

"Bado, bibi. Chumba hiki hakijalaliwa na mtu."

Mama akakaa ukingoni mwa kitanda. Nyumba yetu ya Mkunazini, kila chumba kina waliozaliwa humo na waliokufa humo, na mama anaweza kukuonyesha upande walikolazwa vichwa. Alizitazama kuta zile nyeupe, moja baada ya nyengine, kwa utulivu ambao sikuuzoea.

"Hajafa mtu humu," alisema.

"Aa, hapana, bibi!" kijana akasema kwa hofu. "Hata hatujafungua vizuri!"

Kwenye roshani ya chumba kulikuwa na viti viwili vya kulalia. Tukatoka kutazama. Maji yalikuwa yamekupwa, na upande wa mbali, kwenye mashamba ya mwani, wanawake walikuwa wanamaliza kazi. Wengine walikuwa wameshaanza kurudi, wamejitwika viroba. Njia yao ilipita chini yetu kabisa, pembeni mwa ukuta wa hoteli. Mama alikaa kwenye kiti kimoja, akanyoosha miguu kujaribu, kiti kikainama nyuma ghafla kuliko alivyotarajia, na mama akapiga ukelele kisha akacheka kicheko chake kikubwa.

Mmoja wa wale wanawake chini alisimama. Aligeuza shingo taratibu, kiroba kichwani, akatazama juu.

"Kicheko hicho nakijua," mama mdogo akasema.

Mama hakuwa na pa kujificha. Miwani miwili usoni, miguu juu. Kaka akawahi kusema kwa sauti ya juu tuna mgeni wetu anakuja kutoka Oman, tunamtafutia chumba, tulikuwa tunakuja kwako sasa hivi. Alisema vizuri, nusura nimwamini. Mama mdogo alikuwa anamtazama mama, si kaka.

Mama akavua miwani, yote miwili. "Hapana mgeni wa Oman," alisema. "Nilikuja kutazama hoteli. Mimi nnataka kulala humu."

"Wewe?"

"Mimi."

Mama mdogo alikiweka sawa kiroba chake kichwani. Maji ya mwani yalikuwa yanamtiririka begani. "Haya," akasema. "Mkimaliza kutazama, chakula kitakuwa tayari."

*

Kwa kawaida tukifika kwa mama mdogo tunakwenda moja kwa moja uani. Mama hukaa juu ya mbuzi akakuna nazi, mimi nikakata vitunguu, na mama mdogo anatusimanga sote huku anapika. Siku ile alitupokea mlango wa mbele. Alitukalisha kwenye viti. Kwenye meza alikuwa ametandika kitambaa cha kufuma, na juu yake ametoa sahani za udongo zenye maua ambazo siku zote zilikuwa kabatini nyuma ya kioo. Kulikuwa na uma. Kulikuwa na chupa za maji ya dukani, moja mbele ya kila mtu.

Tukala. Yeye hakukaa. Alisimama kando, mikono amefumbata mbele, anauliza kama chumvi inatosha.

"Kaa ule," mama akamwambia.

"Wageni wale kwanza."

Mama alijaribu kula kwa uma, samaki akamponyoka. Kaka aliinamia sahani yake. Nilijua, na mama alijua, kwamba tumepigwa, na hatukuwa na pa kulalamikia, maana hakuna lililokosekana mezani.

Mama aliweka uma chini. "Sikukukimbia wewe," alisema. "Wallahi sikukukimbia."

"Mimi sikusema umenikimbia."

"Kwako ni nyumbani. Nikija kwako siwi mgeni hata nikitaka. Nilitaka nionje ugeni tu, mara moja, kabla sijafa. Sasa umenionjesha, na sikupenda ulivyonionjesha."

Mama mdogo aliondoa sahani moja moja, akaenda uani, na tukasikia anaosha vyombo. Mama akamfuata. Mimi na kaka tulibaki tunatazamana, hatuthubutu kunyanyuka. Kwanza hatukusikia ila maji. Halafu tukasikia sauti ya mama mdogo, ya chini, inauliza:

"Kile chumba, dirisha lake linatazama wapi?"

"Linatazama kwenu. Kwenye mwani."

"Na maji ya moto yapo?"

"Kijana anasema yapo. Unazungusha tu."

Chombo kikagonga chombo.

"Tangu wanajenga ule ukuta napita hapo," mama mdogo akasema. "Kila siku, kwenda na kurudi. Nasikia maji yanamwagika ndani, nasikia watu wanacheka, nanusa wanachopika. Najua wanapika nini kuliko wao. Lakini sijaona ndani hata mara moja." Kisha: "Kitanda kinatosha watu wangapi?"

"Watatu," mama akasema haraka. "Wakijibana."

Kaka alinitazama, akafunika uso kwa viganja viwili, mabega yanatikisika.

*

Ungedhani baada ya hapo lilibaki kuweka chumba tu. Haikuwa hivyo. Mama alipopata ruhusa ya mtu aliyekuwa anamwogopa, hamu ikampungua. Nilipomuuliza tunaweka lini, akasema tusubiri mvua tuone. Nikamuuliza tena, akasema goti linamuuma. Jioni moja aliniambia kweli: alikuwa anajiuliza, akifika kule akakuta hakuna kitu, atabaki na nini cha kutaka kujua. Nilifikiri sana juu ya maneno yale, kwa sababu usiku, yeye akishalala, mimi ndiye niliyekuwa natazama zile picha kwenye simu.

Aliyetusukuma ni mama mdogo. Alikuwa anapiga simu kila baada ya magharibi. "Mshaamua?" Mama akimwambia bado, anakata bila kuaga. Siku nyengine alipiga akasema amemwambia jirani yake. Siku iliyofuata jirani alikuwa amewaambia wenzake wote wa shamba la mwani, na sasa wanamuuliza wao, kila siku, anakwenda lini, na atawaletea khabari gani. "Nyinyi mko mjini," mama mdogo alilalamika, "mimi ndiye ninayeaibika."

Nilimtazama mama. Mama akasema, "Haya, mpigie yule kijana."

Nilimpigia. Alipokea kwa Kiswahili.

*

Tulikwenda siku ya Jumamosi. Kaka alitushusha langoni, akachukua mikoba yetu mwenyewe mpaka ndani, akazunguka zunguka pale mapokezi mpaka mama akamwambia aende zake. Mama mdogo alikuja kwa miguu kutoka kwake, amevaa buibui jipya na amejifukiza udi, kimfuko chake mkononi. Mlinzi anamjua. Alimwambia kwa adabu kabisa, mama, wa mwani wanapita upande ule.

"Najua wanapopita," mama mdogo akamwambia. "Leo nimekuja kulala."

Alifungua maji ya moto kabla hajavua buibui. Aliingia bafuni, na tukakaa tukamngoja hata nikaanza kupata wasiwasi. Alipotoka ngozi ya vidole vyake, ambayo chumvi imeikausha miaka yote hii, ilikuwa imelainika, na alikuwa anaitazama kama ya mtu mwengine. Mama aliwakunjua ndege wa taulo taratibu, hatua kwa hatua, apate kujua walivyokunjwa, kisha akajaribu kuwarudisha. Wa kwanza akatoka kama bata aliyekalishwa vibaya. Mama mdogo akamnyang'anya taulo, na jioni ile ilipita hivyo, wazee wawili wanakunja taulo na kugombana. Boflo letu tulilila na chai waliyotuletea. Tuliulizwa kama tunataka kitu chengine, na kila tulipoulizwa mama alitazama chini kwa haya, akasema ahsante, hatutaki, kisha mlango ukifungwa ananiuliza, "Wangetuletea nini?"

Kitanda kilitutosha. Mama alikuwa katikati. Asubuhi niliamka kwa adhana, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimkuta mama amelala bado. Nyumbani yeye ndiye anayeniamsha. Nilisita kumgusa. Mama mdogo alikuwa ameshatawadha, amesimama upande wa kichwa cha mama, ananionyesha kwa ishara nimwamshe mimi. Sote wawili hatukutaka.

Aliamka mwenyewe, akaswali, akakaa kwenye mswala akifikiri.

"Umelalaje?" nikamuuliza. Ndilo lililotuleta.

"Nimelala vizuri mno," alisema. "Nimeamka sijui niko wapi. Nikaogopa kidogo. Halafu nikasikia mnapumua." Akaukunja mswala, na kabla sijamzuia ameshatandika kitanda, pembe kwa pembe, hata binti wa usafi wa hoteli alipokuja akakosa cha kufanya, na mama akamkalisha amuulize anatoka wapi na ana ndugu wangapi.

Chai ya asubuhi tuliinywa roshanini. Bahari ilikuwa imerudi nyuma mbali, na wanawake wa Jambiani walikuwa wameshaingia mashambani. Kutoka pale juu uliwaona wameinama, mmoja mmoja, kanga zao nyekundu na njano, wanafunga mbegu kwenye kamba. Kiti cha tatu hakikuwepo; mimi nilikaa chini. Mama mdogo alikaa kwenye kile kiti cha kulalia, lakini hakulala, alikaa wima, kikombe mkononi.

"Kumbe tunaonekana wadogo hivi," alisema.

Akaanza kututajia nani ni nani kwa kuinama kwao. Yule mwenye mgongo mbovu, yule mvivu, yule anayeimba. Nilimwona anamtafuta mtu, kisha nikaelewa anatazama mahali patupu, kamba zake mwenyewe, ambapo siku ile hapakuwa na mtu.

"Kutoka hapa utadhani wanacheza," alisema.

"Unataka kwenda?" mama akamuuliza.

"Chai haijesha."

Aliimaliza yote, akala na yai, akala na embe aliyokatiwa kama ua. Halafu akasimama, akaingia ndani, akatoka hana buibui, kanga mbili tu, zile za kazi. Alikuwa amezileta katika kile kimfuko chake. Alishuka ngazi za hoteli za upande wa pwani, zile za wageni, akakanyaga mchanga na kwenda zake. Wenzake walipomwona anatokea kule walisimama wote wima, wakaanza kupiga vigelegele, na upepo ukatuletea mpaka juu. Walimzunguka. Hatukusikia maneno, lakini tuliona mikono yake inavyokwenda: anazungusha kitu, anafunua kitu, anapima upana wa kitanda.

Mama alikuwa amesimama, ameegemea ukingo wa roshani. "Anaongeza chumvi," alisema kwa wivu. "Nakwambia anaongeza. Nipe viatu vyangu."

Nilimwambia goti lake halitaweza mchanga ule.

"Utanishika," akasema, na tukateremka.